Picha Gani Imekushinda?

Desemba 2021 nilipiga picha za sendofu moja Nyakato, hapa Mwanza, na wiki iliyofuata mama mzazi wa bi harusi akanipigia simu. Hakupandisha sauti hata kidogo. Aliniuliza tu, "Mwanangu, picha ndiyo hizi, au kuna nyingine hujatuletea bado?"

Ndiyo zilikuwa hizo. Bi harusi anaingia ukumbini na matarumbeta, uso umevutika, huwezi kujua macho yanatazama wapi. Mashangazi wanacheza, mikono yao imekuwa ukungu. Na karibu kila picha ina ule uzambarau wa taa za ukumbini, umewakalia watu usoni kama rangi ya kupaka. Vilivyotoka safi ni keki, meza na mapambo, yaani vitu ambavyo havikusogea. Nilimrudishia sehemu ya hela yake bila kuombwa, lakini lile swali lake nililala nalo siku nyingi. Sendofu hairudiwi. Huwezi kumwambia binti avae tena, wageni warudi tena kutoka Magu na Sengerema, shangazi acheze tena kwa furaha ileile.

Kamera yangu ilikuwa Canon 700D, niliyoinunua mkononi mwa mtu mwaka 2018 pamoja na ile lenzi ya 18-55 inayokuja nayo kwenye boksi. Ilikuwa imenilisha. Mahafali ya kidato cha nne, komunyo, kipaimara, vijana wanaotaka kupigwa picha Jumapili jioni Jiwe la Bismarck likiwa nyuma yao, vyote vilipita humo. Baada ya simu ile nikaamua kwamba kosa ni la kamera, na mazingira ya kazi yetu yalinisaidia kuamini hivyo. Hapa mjini mteja huitazama kamera kabla ya kuzitazama picha. Kamati ya harusi ikikaa, mwenyekiti anauliza mpiga picha anatumia kamera gani. Mshereheshaji mmoja aliwahi kunisogelea katikati ya shughuli akaniuliza, "Dada, ile kubwa utaitoa saa ngapi?" Nilikosa la kumjibu, na jioni ile yote nilipiga picha nikiwa mnyonge.

Kulikuwa na Canon 5D Mark III iliyotumika inauzwa milioni 2 na laki 3, bodi tupu, bila lenzi. Nilikuwa na laki 6 za akiba. Zilizobaki ningekopa kwenye kikoba chetu cha Mabatini, na wenzangu walishakubali. Nilichokuwa nasubiri ni kikao cha Jumamosi.

Siku mbili kabla ya kikao nikapita kwa Mzee. Huyu ni mtu aliyekuwa na studio maeneo ya Makoroboi enzi za filamu, na ndiye aliyenifundisha kushika kamera. Nilimwamkia, nikakaa, nikaanza kumweleza habari za 5D. Akanikatiza.

"Hiyo kamera nitaiona ukishainunua. Nionyeshe kwanza picha iliyokushinda."

Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha shangazi mmoja aliyevaa kitenge cha kijani, amenyanyua mikono juu. Mzee akavaa miwani, akaitazama picha kwa muda, kisha akaniambia nifungue yale maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya kila picha. Yalisema: shata 1/30, uwazi wa lenzi f/5.6 (namba hii ikiwa ndogo, lenzi imefunguka zaidi), ISO 3200 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga). Akaninyooshea kidole kwenye ile namba ya kwanza.

"Mtu anacheza, wewe unamwachia mlango wazi moja ya thelathini ya sekunde. Mkono wake umeshatoka hapa umefika pale. Kamera ya bei gani itauzuia?"

Nikamwambia sikuwa na namna, kwa sababu ukumbi ulikuwa na giza. Akasema, "Sasa umeshajua ulichokosa. Umekosa mwanga. Nenda kanunue mwanga."

Nataka nilieleze jambo hili taratibu, kwa sababu ndilo lililoniokoa nisikope bila sababu. Lenzi ile ya boksini ukiivuta hadi mwisho, upande wa 55, haifunguki zaidi ya f/5.6. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo kwa Canon ndiyo ya bei ndogo kuliko karibu zote, inafunguka kiasi cha kuingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Hesabu yake ni rahisi: gawanya 5.6 kwa 1.8, jibu lizidishe kwa lenyewe. Sasa linganisha na 5D. Sensa yake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ina ukubwa wa milimita 36 kwa 24, ya 700D ni milimita 22.3 kwa 14.9. Kwa eneo, ile kubwa inaizidi ndogo zaidi kidogo ya mara mbili na nusu. Kwa hiyo milioni mbili na kitu zingeniongezea sehemu ndogo, na lenzi ya shilingi laki 3 na nusu ingeniongezea sehemu kubwa. Na lile suala la pikseli ambalo wateja hupenda kuliulizia: 700D inatoa picha yenye pikseli 5,184 kwa upana, 5D Mark III inatoa 5,760. Ni ongezeko la kama asilimia 11. Picha za 700D nilishazichapisha kwa ukubwa wa A3 zikatundikwa sebuleni kwa watu, na hakuna aliyewahi kuzilalamikia.

Mzee alinikumbusha jambo lingine. "Sisi tulikuwa na filamu ya picha 36, ISO mia nne ukibahatika. Harusi zilipigwa usiku huohuo unaoulalamikia wewe. Tulibeba flashi."

Jumamosi nilikwenda kikaoni nikawaambia wenzangu mkopo wangu usubiri. Akiba yangu ilitosha lenzi ile ya 50 na flashi ya Yongnuo, nikabaki na nauli. Nikawa na vitu viwili vipya na ujuzi wa zamani, na hilo nalo lilihitaji kazi. Mwezi mzima wa Januari niliwapigisha wadogo zangu ngoma sebuleni usiku, tumezima taa zote na kubakiza moja.

Nilijifunza kwamba f/1.8 ina gharama yake. Ukiifungua lenzi hadi mwisho na watu wawili wamesimama, mmoja akiwa nyuma ya mwenzake kwa hatua moja, jicho la wa mbele linakuwa safi na wa nyuma anapotea. Bwana harusi hawezi kuwa ukungu pembeni ya mke wake. Kwa mtu mmoja nilibaki na f/2, kwa wawili nikawa naenda f/2.8, kwa familia nzima nafunga zaidi na kuiachia flashi kazi. Flashi nayo nilikuwa naielekeza usoni kwa mtu, watu wanatoka wanang'aa paji la uso na nyuma yao giza tupu. Mzee akanionyesha kugeuza kichwa cha flashi kiangalie dari. Dari nyeupe inakuwa taa kubwa, mwanga unashuka laini kama wa dirishani. Lakini kumbi zetu nyingi dari imefunikwa vitambaa vya mapambo, na kitambaa chekundu kikirudisha mwanga, unashuka mwekundu. Siku hizi nikiingia ukumbini kitu cha kwanza ni kutazama juu. Dari ikiwa haifai natafuta ukuta mweupe.

Na zile taa za zambarau. Hizi nazisemea kwa uchungu kwa sababu zimeharibu kumbukumbu za watu wengi. Mwanga wake una rangi moja au mbili tu, hauna rangi nyingine za kutosha kuionyesha ngozi yetu ilivyo, kwa hiyo uso unabaki na mabaka hata uuhariri vipi. Nimeona picha za kamera za mamilioni zikiharibiwa na taa hizo vilevile. Dawa ni kumfuata fundi wa taa kabla shughuli haijaanza, kwa adabu, na kumwomba azizime wakati wa kuingia maharusi, wakati wa keki na wakati wa kukabidhi zawadi. Sijawahi kukataliwa. Kumbe nilichokosa kule Nyakato, kwa sehemu kubwa, kilikuwa ni kwenda kuongea na kijana aliyekaa nyuma ya spika.

Mwaka 2022 ukaenda vizuri kwa kamera ileile. Yule mshereheshaji alikuja kunipa kazi ya dada yake, na safari hii hakuuliza habari ya kamera kubwa.

Hata hivyo hamu haikuisha, na sitaki kusema kwamba kamera ya bei haina maana yoyote, kwa sababu si kweli. Kuna picha moja niliyokuwa naitaka siku zote: mitumbwi ya dagaa ikitoka Igombe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, siku zisizo na mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu ya kuwavuta samaki na wavuvi wengi hupumzika. Mitumbwi inaondoka jua likishazama, kwenye ule muda mfupi ambapo mbingu ina bluu na taa zimeshawashwa. Kwa 700D nilikuwa naukosa muda huo kila mara. Nikipandisha ISO hadi 6400 anga linajaa chenga, nikishusha, mtumbwi unasogea na kuharibika.

Nikamwomba mpiga picha mwenzangu 5D yake kwa siku moja, nikamlipa elfu 60. Ndugu yangu, kama unatamani kamera, kodisha kwanza, na uende nayo kwenye kazi iliyokushinda. Kuishika dukani hakutakwambia chochote. Nilikaa pale Igombe tangu saa kumi. Akina mama walikuwa wanaanua dagaa mchangani, wanawakusanya kwa ufagio kwa sauti ile ya mchanga mkavu, na jua la pembeni linawafanya dagaa wang'ae kama vipande vya bati. Niliwapiga kwa kamera zote mbili, lenzi ileile moja. Nyumbani nilipofungua sikuweza kuzitofautisha mpaka niangalie majina ya faili. Saa moja na robo mitumbwi ikatoka. Nikapiga tena kwa zote mbili, ISO 6400. Hapo tofauti ilikuwepo, tena wazi. Kwenye 5D anga lilibaki bluu safi na uso wa kijana aliyeshika taa ulikuwa uso. Kwenye 700D uso ule ulikuwa na chenga za kijani na nyekundu.

Niliitazama picha ile kwa furaha kweli. Kisha nikajiuliza nani ananilipa kwa mitumbwi ya Igombe. Hakuna. Ilikuwa picha ya moyo wangu, na moyo una haki yake, lakini haukopewi kwenye kikoba ambacho wenzangu wanaweka hela ya ada za watoto. Pia bega liliuma. Gramu 950 dhidi ya 580 ni kitu kidogo kwenye karatasi, ila kuanzia kanisani asubuhi mpaka ukumbini saa sita usiku ni kitu kingine. Nikairudisha kamera ya watu, nikaendelea na yangu.

Kilichobadilisha uamuzi wangu hakikuhusu ubora wa picha kabisa.

Agosti 2023 nilipiga harusi ya binti mmoja wa Ukerewe anayefanya kazi hapa Mwanza. Bibi yake alikuja kwa meli kutoka Nansio, mama mzee sana, alikuwa hajavuka ziwa kwa miaka mingi. Kabla ya kwenda kanisani alimwita mjukuu wake chumbani, akafungua mfuko wa rambo, akatoa khanga iliyokunjwa ikawa ndogo kama kitabu, akamfunika nayo mabegani. Aliongea naye Kikerewe kwa sauti ya chini. Dirisha lilikuwa upande wa kushoto, na mikono ya bibi ilikuwa inatetemeka juu ya lile shela jeupe. Nilipiga kama picha 20. Nilijua hapohapo kwamba hizo ndizo picha za siku ile.

Usiku nilipoiingiza kadi kwenye kompyuta, haikusomeka. Nikaijaribu kwenye kompyuta nyingine, kwenye simu, nikairudisha kwenye kamera. Fundi mmoja aliipitisha kwenye programu ya kuokoa mafaili, tukapata sehemu kubwa ya ukumbini na baadhi za kanisani. Za chumbani hazikurudi hata moja. Kadi niliinunua halali, haikuwa ya zamani, na sikuwa nimeifuta vibaya. Kadi hufa tu, kama balbu inavyoungua.

Kumwambia binti yule ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwenye shughuli hii. Nilikwenda kwake, sikutumia simu. Alinyamaza, halafu akauliza, "Na ya bibi, dada?" Nikamwambia ya bibi ndiyo iliyopotea.

700D ina tundu moja la kadi. 5D Mark III ina mawili, moja la kadi aina ya CF na moja la kadi aina ya SD, na unaweza kuiamuru iandike kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu 2021. Lilikuwa kwenye orodha ya sifa, chini ya pikseli, chini ya ISO, chini ya zile pointi 61 za fokasi dhidi ya 9 za kwangu, nami nilikuwa nalipita kama maelezo ya mfuniko. Sasa nilikuwa na picha iliyonishinda, tena najua kwa nini imenishinda, na hakukuwa na lenzi wala flashi wala ufundi wa kuirekebisha. Nilikwenda kwa Mzee tena. Nilipomaliza kumweleza alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo sasa nunua."

Nikanunua Februari 2024. Bei ilikuwa imeshuka hadi milioni 1 na laki 7, na mkopo wa kikoba nilioomba ulikuwa laki 5 tu. Niliangalia kwanza shata imeshapiga mara ngapi. Kwa kamera hiyo Canon wenyewe waliipimia mapigo 150,000, na niliyoipata ilikuwa na chini ya nusu. Niliijaribu betri, nikaichunguza sehemu ya kufunga lenzi, nikapiga karatasi nyeupe na lenzi imefungwa hadi f/16 nione kama sensa ina madoa. Na kuna gharama ambazo muuzaji hakutajii. Lenzi ya 18-55 haiingii kwenye 5D, kwa sababu imetengenezwa kwa sensa ndogo. Betri ni aina nyingine. Kadi ya CF ni ghali na inataka kisomeo chake. Vyote hivyo vilinila kama laki 3. Kilichonifaa ni ile lenzi ya 50 ya mwaka 2022, ambayo iliingia moja kwa moja, na flashi pia. Ningekurupuka 2021 ningekuwa na bodi ya milioni mbili isiyo na lenzi ya kufunga, na deni la miezi sita.

Tundu la SD la kamera hii ni la polepole. Ukipiga mfululizo na kadi zote mbili zinaandika, inafika mahali kamera inasimama kusubiri. Nimejifunza kupiga picha chache na kuzichagua kwa jicho kabla ya kidole, karibu kama Mzee na filamu zake za 36. Bei zangu sikuzipandisha mwaka ule. 700D ninayo bado, ndiyo inayokwenda kwenye mahafali mchana.

Machi, kabla ya mvua kuchanganya, nilimpigia simu binti wa Ukerewe nikamwomba twende kwa bibi, gharama yangu. Tulipanda meli asubuhi. Nyumbani kwao bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini, akaniita mjukuu wake na mimi, akauliza kama nimekula kabla ya kuuliza nimefuata nini. Khanga ilikuwepo, imekunjwa vilevile. Binti hakuvaa shela, alivaa gauni la kawaida la kitenge. Bibi alimfunika mabegani, akaanza kuongea naye Kikerewe, na mikono ikawa inatetemeka kama siku ile. Kwa mwanga ule wa mchana kamera yoyote ingetosha. Nilipiga kumi na mbili.

Jioni, kabla hatujaagana, nilifungua kile kifuniko cha pembeni ya kamera. Kadi ya SD nikaitoa nikampa binti, akaifunga kwenye pindo la leso. Ile nyingine nikavuka nayo ziwa.